Taa ya oili inawaka na kuzima: kabla ya kununua swichi, jiulize inawaka wakati gani

Taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya birika linalodondosha tone, ikiwaka na kubaki hivyo, uamuzi ni mwepesi: weka gari pembeni, zima, ita fundi. Usumbufu unakuja pale inapowaka sekunde mbili ikazima, ikakaa kimya wiki nzima, halafu ikaja tena siku uliyobeba wakwe. Ukifika gereji haiwaki. Fundi anapiga resi mara tatu, anatazama dashibodi, anasema, "Bosi, hii ni swichi tu." Unanunua swichi. Kuna siku anakuwa amepatia. Kuna siku injini inaendelea kufa taratibu huku ina swichi mpya.

Haya ninayoandika ni ya magari ya zamani yenye swichi ya waya mmoja. Mfano wangu ni Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE, kwa sababu ndiyo niliyohangaika nayo mwenyewe. Mengi yanafaa pia kwa AE110, Carina, na magari mengine ya Kijapani ya miaka ya 1990.

Taa yenyewe inajua nini

Swichi ya oili imefungwa kwenye bloku ya injini, kwenye njia inayopita oili iliyosukumwa na pampu. Ndani yake kuna utando mwembamba na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Pasipo presha, umeme wa taa unapita kwenye waya, unaingia kwenye swichi na kuishia kwenye bloku, taa inawaka. Oili ikisukuma utando, vile vyuma vinaachana na taa inazima. Ndiyo maana ukigeuza ufunguo bila kuwasha injini taa lazima iwake, na injini ikishawaka izime ndani ya sekunde moja au mbili.

Swichi nyingi za aina hii zinageuka kwenye presha ya kati ya baa 0.2 na 0.5. Sasa linganisha na kiwango cha kiwandani cha 5A-FE ikiwa ya moto: kwenye sailensi, yaani injini inaunguruma yenyewe bila mguu kwenye mafuta, ni kuanzia kilopaskali 29, karibu baa 0.3. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika ni kilopaskali 245 hadi 490, karibu baa 2.5 hadi 5.

Namba hizo zina habari ambayo madereva wengi hawajaambiwa. Kwenye sailensi, injini yenye afya kabisa na injini inayowasha taa zinaweza kutofautiana kidogo sana. Barabarani ni kinyume chake. Unaweza kuwa kwenye kasi ya 100, presha imeshuka hadi baa 1 badala ya 3, beringi, yaani vikalio ambamo mhimili wa injini unazunguka, zinakosa oili ya kutosha, na taa haionyeshi lolote. Kwa hiyo taa iliyowaka mataani na taa iliyowaka barabara kuu ni kesi mbili tofauti. Ile ya mataani inaweza kusubiri kesho. Ile ya barabara kuu haisubiri hata kituo cha mafuta kinachofuata.

Jingine: taa hii haipimi wingi wa oili. Inapima presha tu. Injini inayobeba karibu lita tatu za oili inaweza kupungukiwa lita nzima bila taa kusema neno, mpaka siku ya kona kali.

Anza na stiki

Gari lisimame sehemu tambarare, injini izimwe, usubiri dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Hilo unalijua. Watu wanalosahau ni kunusa. Oili yenye harufu kali ya petroli imeshakuwa nyepesi, na oili nyepesi haishiki presha. Petroli inaingia kwenye oili pale plagi moja inapokufa au nozeli inapovuja, na kwa gari la safari fupi fupi ambalo halipati moto vizuri hali inazidi. Kiwango kwenye stiki kikipanda bila wewe kuongeza oili, hiyo si baraka.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mjadala wa swichi umekwisha. Hapo unazungumzia gasketi ya silinda hedi.

Oili ikizidi alama ya juu nayo ni tatizo: krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inaipiga mpaka inatoa povu, na pampu haiwezi kusukuma povu. Siyo jambo la kila siku, ila nimeliona kwa gari lililoongezewa oili kila taa ilipowaka bila mtu kuchomoa stiki hata mara moja.

Inawaka wakati gani?

Chukua siku mbili tatu uandike kila inapowaka: injini ya moto au baridi, gari limesimama au linatembea, sindano ya mizunguko iko wapi, barabara ikoje, AC imewashwa au la. Fundi mzuri atakushukuru. Fundi asiyetaka kukusikiliza, mwache.

Gari limesimama, injini ya moto, ukikanyaga inazima

Hii ndiyo ya foleni. Asubuhi hakuna kitu, unatoka nyumbani vizuri. Jioni umekwama Ubungo saa nzima, feni inazunguka bila kupumzika, unaona birika linapepesa. Ukigusa mafuta kidogo linazima.

Kuelewa sababu, fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Bomba linatoa maji yale yale, lakini ukibana mdomo kwa kidole, maji yanaruka mbali. Pampu ya oili inasukuma tu. Presha inatokana na wembamba wa mapengo kati ya krenki na beringi zake, mapengo yasiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Pampu ya 5A inazungushwa na krenki yenyewe, hivyo mizunguko ikiwa 700 inasukuma kidogo. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi. Beringi zikilika, kidole kinaachia. Mambo matatu hayo yakikutana mataani, presha inagusa pale swichi inapogeuka.

Usikimbilie beringi lakini. Tazama kwanza sindano ya mizunguko. AE100 yenye uchafu kwenye throto au valvu ya sailensi iliyoganda inaweza kushuka hadi 500 AC inapoingia, na kwa mizunguko hiyo hata injini yenye afya inaweza kupepesa taa. Safisha, rudisha sailensi kwenye 700 au 800, halafu uone.

Kisha oili yenyewe. Imekaa kilomita ngapi? Ilinunuliwa kwenye kopo lililofungwa au ilipimwa kwenye pipa? Oili ya pipa usiyoijua asili yake inaweza kuwa oili iliyotumika na kuchujwa. Mwaga, weka oili na filta unazoziamini, kwa daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha rudi kwenye foleni ile ile. Nimeona matatizo kadhaa yakiishia hapo.

Kuhusu kuweka oili nzito zaidi, kama 20W-50 au ya 40, ili taa izime, mafundi wananipinga na mimi nawapinga. Kwa gari lililotembea sana, kwenye joto la Dar, 20W-50 si kosa, na inaweza kukupa mwaka mwingine wa kujipanga. Kosa ni kuamini kwamba umetengeneza. Ikiwa 10W-30 iliwasha taa na 20W-50 ikaizima, umepata jibu kwamba mapengo yamepanuka au pampu imechoka. Na ukiishi Njombe au Makete, oili nzito asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu. Utaisikia: tapeti zinagonga kama cherehani mpaka ifike.

Kwenye kona, ukifunga breki, ukipanda mlima

Hapa oili inahama upande mmoja wa sampu na mdomo wa streina, lile chujio ambalo pampu inanyonyea, unabaki hewani. Kwa maneno mengine oili imepungua, na imepungua sana. Zima, subiri, ongeza, halafu tafuta inakokwenda: moshi wa bluu, sili ya krenki, gasketi ya kava ya tapeti, au swichi yenyewe.

Kama stiki inaonyesha oili imejaa na bado taa inawaka kwenye mlima wa Kitonga, lala chini ya gari uitazame sampu. Barabara zetu zina mawe na matuta yasiyo na vipimo. Sampu ikigongwa inabonyea kuelekea juu, na streina haiko mbali na sakafu yake. Chuma kikiukaribia mdomo wa streina, oili inanyonywa kwa shida. Kipimo cha stiki nacho kinakudanganya, maana sampu iliyobonyea inajaa kwa oili kidogo.

Kwenye rasta za barabarani, mvua ikinyesha, baada ya kuoshwa

Taa inayofuata mitikisiko au maji bila kujali moto wa injini wala mizunguko, mara nyingi ni ya fundi umeme. Waya umechubuka mahali, ukigusa bodi ya gari unafanya kazi ya swichi: taa inawaka. Kipimo chake ni cha bure. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, taa iwake. Chomoa waya kwenye swichi, ushikilie hewani usiguse chuma. Taa ikizima, waya ni mzima kwa wakati huo. Utikise kwa urefu wake wote uone kama taa itarudi. Taa isipozima, waya umepiga shoti na bodi, fuata njia yake mpaka kwenye dashibodi. Usiwashe injini ukaondoka huku waya umechomolewa. Umeziba macho ya gari.

Ukiwa hapo hapo, tazama ndani ya soketi ya waya. Kama kuna oili imelowa ndani, utando wa swichi umepasuka na oili inapenya katikati. Hiyo swichi imekufa, na hapo fundi wa "ni swichi tu" yuko sahihi. Unapofunga mpya usizungushe tepu nyeupe ya mabomba mara nyingi kwenye nyuzi zake. Swichi ya waya mmoja inapata bodi kupitia nyuzi hizo, ukizivalisha sana taa haitawaka hata siku inayopaswa kuwaka.

Ukiona taa ya oili na ya chaji zinapepesa pamoja huku injini inaunguruma sawa, angalia soketi za nyuma ya dashibodi na swichi ya ufunguo kabla ya kugusa injini.

Na kama unanunua gari lililotumika, geuza ufunguo kabla ya kusikiliza sifa zake. Taa ya oili isipowaka, huenda mtu amechomoa waya au balbu. Wajanja zaidi wanaiunganisha na taa ya chaji, ziwake pamoja na kuzima pamoja. Kuitambua, chomoa waya wa swichi ya oili huku ufunguo umegeuzwa. Taa ikiendelea kuwaka, uliza maswali.

Asubuhi tu, sekunde nne tano, halafu basi

Filta. Ndani ya filta nzuri kuna kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu gari likilala. Filta feki mpira wake ni mgumu au haupo. Badilisha filta, mwisho wa habari.

Barabara kuu, baada ya dakika kadhaa za mwendo

Hapa nina kesi yangu. Sampu ya Corolla yangu ilikuwa inavuja, nikapeleka gereji, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa. Wiki tatu baadaye natoka Dar kwenda Morogoro, nimepita Chalinze, kasi 100, taa ikawaka. Nikaweka gari pembeni, nikazima. Stiki: oili imejaa, safi. Nikakaa kama dakika ishirini nikinunua ndizi nisizozihitaji. Nikawasha, taa ikazima kama kawaida. Nikaendelea kwa kasi ya 60 mpaka Morogoro bila shida yoyote. Fundi wa kwanza akabadilisha swichi. Wakati wa kurudi nikajaribu kuongeza mwendo, ikawaka tena kabla ya Mlandizi.

Mjini gari halikuwa na tatizo lolote. Sailensi safi, mataa safi, kona safi. Ndiyo iliyonipa wasiwasi: beringi zilizolika zinaonekana kwanza mataani, siyo kwenye kasi. Taa inayowaka kwa mizunguko mingi na kunyamaza kwa michache inasema pampu inataka oili kuliko inavyoipata.

Mzee mmoja fundi akafunga geji ya kupima presha ya oili. Injini ya moto, sailensi: baa 1.2, nzuri sana. Akapiga resi hadi 3000 akashikilia: ikapanda baa 3. Akaendelea kushikilia. Dakika ya pili sindano ikaanza kuteremka taratibu kama jua la jioni, 2.5, 2, 1.5. Akaachia, akazima injini. "Mwanangu, hii inakosa pumzi. Tunafungua sampu."

Alipoitoa streina aliigonga juu ya mfuniko wa kopo. Vikadondoka vipande vya silikoni ya kijivu, virefu na vyembamba kama tambi zilizokatwa. Sampu ya 5A inafungwa kwa silikoni badala ya gasketi ya karatasi. Aliyeifunga alipaka nyingi. Ilipobanwa, iliyozidi ilitokea kwa ndani, ikakauka, ikakatika, ikavutwa na pampu. Mvuto ukiwa mkubwa vipande vinaganda kwenye wavu wa streina. Ukizima, mvuto unakwisha, vingine vinaanguka chini, gari linapona. Mpaka safari nyingine.

Tope la oili iliyokaa muda mrefu linafanya vivyo hivyo, na dawa za kusafisha injini zinazomwagwa kabla ya kubadilisha oili zinaweza kulibandua kwa mkupuo na kulipeleka streina. Kwa injini ambayo hujui historia yake, mimi siwezi kuziweka. Fungua kifuniko cha oili juu ya kava ya tapeti umulike kwa tochi: kama kuna mafuta meusi mazito kama masizi ya sufuria, fungua sampu kwa mkono.

Geji

Ukishamaliza stiki, waya na kipimo cha sailensi, usinunue kitu kingine kabla ya geji. Ni kifaa cha kawaida, kina mpira na nati za kuunganishia. Swichi inatolewa kwa soketi ndefu, geji inakaa mahali pake. Pima baridi, pima baada ya feni kuwaka na kuzima mara mbili, pima sailensi, pima 3000 kwa dakika tatu bila kuachia. Kama geji inasoma vizuri pote na taa inawaka, tatizo ni swichi au waya. Kama ni chini kwenye sailensi na inapanda vizuri ukikanyaga, fikiria oili na mapengo. Kama ni chini pote, fikiria pampu iliyolika, valvu yake ya kupunguza presha iliyonasa wazi kwa uchafu, au beringi zilizokwisha kabisa. Hizo za mwisho kwa kawaida zinaanza kugonga chini, mlio mzito unaofuata mizunguko. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikigonga, gari linabebwa, haliendeshwi.

Sampu ikishafunguliwa, omba kofia moja ya beringi ya konrodi ifunguliwe. Sehemu ya chuma inayong'aa kijivu kwa usawa ni nzuri. Ukiona rangi ya shaba imetokeza, au ukucha unakwama kwenye mistari ya krenki, bei ya kazi imebadilika: krenki inapelekwa kusagwa na beringi za saizi inayofuata zinanunuliwa. Beringi mpya juu ya krenki yenye mistari haidumu.

Wakati wa kurudisha, silikoni ipakwe mstari mwembamba wa milimita chache, mstari upite kwa ndani ya mashimo ya bolti, mashimo yenyewe yabaki makavu, na ipewe muda wa kukauka kama kopo lake linavyosema. Pampu ikiwa imefunguliwa, ipakwe oili ndani kabla ya kufungwa. Usiwashe injini moja kwa moja. Chomoa fyuzi ya EFI ili petroli isifike, kisha piga stata kwa vipindi vya sekunde tano au sita, ukiipumzisha kati yake, macho kwenye dashibodi. Kwa mwendo huo mdogo taa itachukua muda. Ikizima, rudisha fyuzi uwashe.